Softiboli: binti wa S2 anaambiwa aahidi chuo cha Marekani sasa hivi. Inawezekana?

mama_wa_mrushaji (Wakiso)

Habari zenu jamani. Nauliza kwa ajili ya binti, miaka 14, yuko S2 (mwaka wa pili wa sekondari), mrushaji wa softiboli, mkono wa kulia. Kuna bwana anayejiita wakala ameona video yake kwenye grupu la WhatsApp. Anadai kocha wa chuo kimoja cha Marekani, Divisheni ya I (daraja la juu) ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vyao, ameshamkubali, ila nafasi inafungwa mwisho wa mwezi. Anataka mtoto atoe ahadi sasa, nasi tusaini karatasi ya kumlipa dola 300 za kuanzia na asilimia 10 ya ufadhili ukipatikana. Kocha mwenyewe hatujamsikia hata sauti, tunaambiwa yuko kwenye mashindano.

Nimesoma mtandaoni kwamba Wamarekani huwachukua wasichana wa softiboli wangali wadogo, hata darasa la nane. Kwa hiyo nikisita naogopa namkosesha mtoto riziki. Kweli chuo kinaweza kumtaka wa S2? Na kama bado, tufanye nini miaka hii badala ya kukaa tu?

besi_ya_pili (Jinja)

Nnyabo, usisaini kitu.

Ulichosoma kilikuwa kweli, ila kimepitwa. Hadi 2018 makocha wa Divisheni ya I walikuwa wakipokea ahadi za mdomo kutoka kwa wasichana wa darasa la nane, wengine la saba. Kanuni ilikuwa na mwanya: kocha hakuruhusiwa kumpigia mtoto simu, lakini mtoto akimpigia yeye, au akitembelea chuo kwa nauli yake, waliweza kuzungumza. Basi kocha wa klabu anapitisha ujumbe, mtoto anapiga simu, mambo yanamalizwa. Aprili 2018 NCAA ikaziba mwanya huo kwa softiboli. Hakuna simu, meseji, ziara wala ofa kabla ya Septemba 1 ya mwaka wa tatu wa sekondari yao, yaani darasa la 11. Mtoto anaweza kutuma barua pepe mapema na kocha akaisoma, lakini kuijibu hawezi, isipokuwa kwa vitu vya jumla kama fomu ya maswali au tangazo la kambi ya mazoezi. Hata akiwa kambini hapo chuoni, kumfundisha ruksa, kuzungumzia kumchukua mwiko. Na kutuma salamu za "tunakutaka" kupitia mtu wa kati ni kosa lilelile.

Kwa hesabu yoyote ya madarasa, binti wa S2 hajafika tarehe hiyo. Ama kocha huyo anahatarisha kazi yake kwa mrushaji ambaye hajawahi kumwona uwanjani, ama kocha hayupo. Mimi naona hayupo.

Sasa hiyo asilimia 10. Mzazi anaruhusiwa kulipia huduma ya kumtangaza mchezaji, mradi malipo ni yaleyale mtoto apate chuo au akose. Malipo yakifungwa kwenye ufadhili, mpokeaji anahesabiwa wakala, na mchezaji aliyekubali kuwakilishwa hivyo anaweza kupoteza sifa ya kucheza NCAA. Ndiyo maana saini hiyo inanitisha kuliko zile dola 300.

kipenga_na_gongo (Mukono)

Nyongeza kwa Besi ya Pili, maana wazazi wengi wakisikia tarehe ya Divisheni ya I wanadhani ndiyo ya wote. Divisheni ya II wanaanza kuwasiliana Juni 15 kabla ya darasa la 11. Divisheni ya III hawana kizuizi cha simu na barua pepe, ila pia hawana ufadhili wa michezo. Wanatoa wa masomo na wa hali ya familia. NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili vilivyo chini ya chama chao, NJCAA, wanaweza kuzungumza naye hata leo. Lakini kocha wa chuo cha miaka miwili anajaza kikosi cha msimu huu na ujao, mtoto wa S2 hana kazi naye. Kwa hiyo muda mnao. Utumieni kutengeneza ushahidi.

Video ya WhatsApp isahau. WhatsApp inabana picha, na kinachopotea ndicho kocha anachokitafuta: mzunguko wa mpira, na mkono unavyoachia pale nyongani. Pandisheni YouTube, muweke ionekane kwa mwenye kiungo tu. Dakika tatu zinatosha, nne ni mwisho. Sekunde tano za kwanza ni maandishi: jina, mwaka wa kumaliza sekondari, nafasi, mkono, urefu, barua pepe ya mzazi. Halafu mirusho moja kwa moja. Muziki hauna kazi hapo, wala zile herufi za kumetameta.

Simu moja ikae nyuma ya mdakaji, juu kidogo ya bega lake, ili mpira uonekane ukivuka sahani ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Nyingine ikae pembeni, upande wa besi ya tatu kwa mrushaji wa mkono wa kulia, kwa sababu huko ndiko kifua kinakofunguka. Usawa wa nyonga, kama mita tano hivi. Mirusho mitano ya kasi, mitano ya polepole, kisha aina nyingine anayoimudu kweli, si anayojifunza. Mrusho ulioenda nje msiukate. Video yenye mirusho ishirini yote imepita katikati kocha haiamini. Mwishoni wekeni nusu-ining (zamu moja ya timu kupiga) ya mechi ya kweli bila kukatwa.

Umbali upimwe kwa futikamba, na mpimaji aonekane kwenye video akipima. Kuanzia umri wake ni futi 43, mita 13.11, kutoka ubao wa mrushaji hadi ncha ya nyuma ya sahani ya nyumbani. Wa chini ya miaka 12 hurusha futi 40, mita 12.19. Viwanja vyetu vingi hupimwa kwa hatua za mtu, na mtu mwenyewe ni mfupi. Mtoto aliyezoea mita 12 anaonekana ana kasi ya ajabu, na siku anasimama kwenye futi 43 mpira wake wa kuzama unagonga vumbi kabla ya sahani.

Kasi ndiyo swali la kwanza la kila kocha, na bunduki ya rada si kila klabu inayo. Tumieni simu inayopiga fremu 240 kwa sekunde; nyingi za bei ya kati zinayo kwenye mwendo wa pole. Isimame kwenye kigoda pembeni, imwone mrushaji na mdakaji pamoja. Tafuteni fremu ambayo mpira unatoka vidoleni na ile unayogusa glovu, mhesabu zilizo katikati. Kisha pimeni umbali halisi wa mpira kusafiri: kutoka mkono ulipoachia hadi glovu ilipodakia. Mrushaji anapiga hatua mbele kabla ya kuachia, kwa hiyo umbali huo ni mfupi kuliko 13.11. Tuseme ni mita 11.5 na fremu ni 103. Gawanya 103 kwa 240, unapata sekunde 0.429. Gawanya 11.5 kwa hiyo, unapata mita 26.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6: kilomita 96 na nusu kwa saa, maili 60.

Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Ukiweka 13.11 badala ya 11.5 kwenye hesabu hiyohiyo, unapata maili 68, na unamwandikia kocha mtoto anarusha 68. Siku ya kwanza mbele ya rada yao aibu ni yake, si yako. Kosa la pili ni kutumia video ya kawaida ya fremu 30: ukikosea fremu moja, jibu linaruka kilomita nane hivi. Kwenye 240, fremu moja ni kilomita moja tu. Chukueni mirusho kumi, mwandike wastani.

Mrushaji wa Divisheni ya I kwa kawaida yuko maili 60 na kitu, wa juu kabisa hugusa 70. Binti wa miaka 14 akiwa karibu na 50, kilomita 80, yuko njiani. Kasi yake ikiwa ndogo, wekeni nguvu kwenye mrusho wa polepole: ukipungua maili 10 hadi 12 chini ya ule wa kasi huku mkono ukizunguka vilevile, kocha atasogea karibu na skrini.

mama_wa_mrushaji (Wakiso)

Asanteni sana, nimeelewa kuliko wiki nzima ya kuulizauliza. Mawili bado. Akimaliza S4 aende S5, au aondoke na UCE yake, cheti cha S4? Na mtu akisema "ufadhili", ni kila kitu au kuna kitakachobaki mabegani mwetu?

karatasi_kwanza (Kampala)

Nijibu la shule.

Kuna saa inayohesabu, na wazazi wa huku huwa hawaijui. Divisheni ya I inampa mchezaji wa softiboli mwaka mmoja baada ya tarehe aliyotarajiwa kumaliza sekondari. Mwaka huo ukipita hajaingia chuo na huku anaendelea na mashindano ya mpangilio, yenye ratiba, waamuzi na matokeo, anaanza kukatwa misimu ya kucheza, na akifika anakaa benchi mwaka mzima. Sasa kwetu sekondari inaisha lini, S4 au S6? Jibu likiwa S4, miaka miwili ya S5 na S6 inakula msimu. Likiwa S6, mna nafasi ya kutosha: mitihani inaisha kabla ya Krismasi, vyuo vyao vinafunguliwa Agosti. Msimwulize jirani wala wakala. Akiwa S3 afungue akaunti kwenye kituo cha NCAA kinachohakiki sifa za wachezaji, mwulize swali hilo kwa maandishi mkitaja UCE na UACE (cheti cha S6), na jibu mlihifadhi kwenye faili kabla ya kuchagua kombinesheni ya S5.

NCAA wanataka masomo 16 ya msingi, ndani yake Kiingereza cha miaka minne, hisabati mitatu, sayansi miwili. Wastani, kwa kipimo chao cha hadi 4.0, usipungue 2.3 kwa Divisheni ya I, 2.2 kwa ya II. Mtihani wa SAT, wa kuombea vyuo vya Marekani, NCAA waliuondoa kwenye masharti yao mwaka 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuudai. Ripoti za kila muhula ziwe na muhuri wa shule. Msisubiri S4 ndipo mwanze kuzitafuta. Mwalimu mkuu anahamishwa, makabati yanahamishwa, ripoti ya S2 muhula wa pili haionekani tena.

Ombeni pia barua ya shule inayoeleza alama zetu. UCE ya mtaala mpya tangu 2024 inatoa herufi A hadi E, na ile ya zamani ilikuwa D1 hadi F9. Kwetu D1 ilikuwa alama ya kujivunia. Kwa karani wa Marekani herufi D ni mtoto aliyeponea chupuchupu. (Na D1 hiyohiyo ndiyo wanavyofupisha Divisheni ya I. Fikiria barua pepe yenye zote mbili.)

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo la kwanza: jina na tarehe ya kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa cha NIRA, pasipoti, usajili wa PLE (mtihani wa mwisho wa msingi) na wa UNEB (baraza la mitihani), vyote viseme kitu kimoja, herufi kwa herufi, na majina kwa mpangilio uleule. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda nafasi ya kwenda Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, ikakosa viza kwa sababu ya tarehe za kuzaliwa zisizooana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakaenda, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. Ile ilikuwa besiboli, lakini dirisha la viza la ubalozi wa Marekani, Nsambya, ni lilelile. Kusahihisha jina UNEB baada ya cheti kutoka ni safari ndefu. Usajili wa S4 ndio wakati wa kulikagua.

besi_ya_pili (Jinja)

La fedha nalichukua mimi.

Softiboli si mchezo ambao kila mchezaji anapewa ufadhili kamili. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya I ilikuwa na ufadhili 12, na kocha akiukatakata kwa wasichana ishirini na zaidi: huyu nusu, yule robo, mwingine vitabu tu. Tangu Julai 2025 vyuo vilivyoingia kwenye mpango mpya uliotokana na kesi ya House (ya wachezaji dhidi ya NCAA) havina tena kikomo hicho, badala yake kikosi hakizidi wachezaji 25. Kisheria chuo kinaweza kuwafadhili wote 25. Kimfuko ni kingine kabisa. Divisheni ya II ni ufadhili 7.2 kwa timu nzima, NAIA 10. Kinachowashangaza watu ni vyuo vya miaka miwili: NJCAA daraja la kwanza wana hadi 24, na unaweza kugusa ada, vitabu, malazi na chakula. Daraja lao la pili ni ada na vitabu tu, bila kitanda. Kwa mtoto wa Uganda asiyeonwa na makocha mwaka mzima, mimi ningeanzia hapo, acheze miaka miwili, kisha ahamie chuo cha miaka minne akiwa na takwimu za Marekani mkononi.

Fanyeni hesabu ya pengo kabla ya furaha. Mfano tu: gharama ya mwaka ni dola 40,000, kocha anatoa asilimia 60. Zimebaki 16,000 kwa mwaka, 64,000 kwa miaka minne, na nauli bado, na bima ya afya bado. Chuo hakitoi fomu ya I-20 mpaka mwonyeshe pengo hilo litazibwa na nani, na bila I-20 hakuna viza ya mwanafunzi. Ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, ya maombi ya viza 185, na mkinyimwa hazirudi. Msitegemee pia zile fedha za matangazo wanazopata wachezaji wa Marekani; mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, akipokea malipo ya kazi kiholela anagusa viza yenyewe.

Na hii ahadi yenyewe. Ahadi ya mdomo haimfungi chuo wala mtoto, akiwa na miaka 14 au 17. Kocha akihama, inahama naye. Kocha akipata mrushaji wa miaka 20 kutoka kwenye orodha ya wanaohama vyuo, simu zinaanza kuchelewa kujibiwa. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili uliosainiwa. Ofa ya maandishi ya Divisheni ya I inaweza kutolewa kuanzia Agosti 1 ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na kusaini kunaanza Novemba. Ile barua ya nia ya kitaifa ambayo bado inatajwa kwenye makala za zamani ilifutwa Oktoba 2024. Mtu akiwaletea "barua ya nia" isaini mtoto wa S2, ni karatasi ya stenda tu, haina nguvu yoyote.

mkono_wa_chini (Entebbe)

Kwenye barua pepe sikubaliani na wanaoshauri kutuma vyuo 200. Makocha wanaitambua barua ya kunakili kwa sentensi ya kwanza. Ishirini na tano zinatosha: kumi NJCAA, saba NAIA, tano Divisheni ya II, tatu za ndoto. Chagueni vyuo ambavyo warushaji wao wanamaliza mwaka ule binti anapoingia. Orodha ya kikosi iko wazi kwenye tovuti ya kila chuo, na mwaka wa kila mchezaji umeandikwa. Timu yenye warushaji wanne wa mwaka wa kwanza haina nafasi yake hata akirusha 65.

Aandike mwenyewe, mistari kumi, jina la kocha liandikwe sawasawa. Kwenye kichwa cha barua: mwaka wa kumaliza, mrushaji wa kulia, wastani wa kasi, Uganda. Ndani: kiungo cha video, wastani wa masomo, sababu moja ya kweli ya kukitaka chuo hicho. Baada ya miezi mitatu arudie akiwa na kitu kipya, hata kama ni maili mbili tu zimeongezeka. Barua ya kwanza S3 katikati, si kabla.

mama_wa_mrushaji (Wakiso)

Nimekuelewa. Huyu bwana anapiga simu tena kesho. Nimwambie nini bila ugomvi?

karatasi_kwanza (Kampala)

Mwombe anwani ya barua pepe ya kocha ya kazini, inayoishia na .edu. Kisha wewe mwenyewe fungua tovuti ya michezo ya chuo hicho, usiifungue kwa kiungo atakachokupa yeye, uangalie kama jina hilo limo kwenye orodha ya makocha wa softiboli. Likiwamo, andikia ofisi ya kanuni za michezo ya chuo, kila chuo cha NCAA kinayo. Eleza tu kwamba mtu fulani anakusanya pesa Kampala kwa jina la kocha wao. Wao watajibu haraka kuliko kocha. Na akisema kocha anatumia Gmail kwa sababu ya .edu kujaa, mshukuru kwa muda wake.

kipenga_na_gongo (Mukono)

Na ile video iliyo kwenye grupu, mwombe msimamizi aifute. Kama inaonyesha jina la shule na sare, huyo hatakuwa wa mwisho kupiga.